KWA NINI MAINE WALILIA? Kombe la Hockey East kwa lugha nyepesi

Leo naomba Simba na Yanga wapumzike kidogo, twende kwenye barafu.

Kuna mdau wa Portland, jimbo la Maine, Marekani, alinitumia swali. Kwa wasiojua, Portland na Lewiston kuna ndugu zetu kibao wanaoongea Kiswahili, wengi wametokea Kongo, Burundi na Rwanda. Anasema Machi 2025 watu wa kazini kwake walikuwa kama wamechanganyikiwa, wengine machozi kabisa, eti timu ya hoki ya chuo chao imebeba kombe Boston. Wiki moja baadaye timu ile ile ikapigwa 5-1 na kutolewa kwenye mashindano ya taifa. Sasa anauliza: lile kombe la kwanza lilikuwa la nini, kama lenye maana ni lile la pili?

Swali zuri sana. Mimi nimeishia form six, barafu naijua ile ya kwenye friji, lakini mchezo huu naufuatilia kwenye mtandao usiku wa manane na nimeuelewa vya kutosha kumjibu. Kaeni mkao wa kula.

KWANZA, MCHEZO WENYEWE

Hoki ya barafu ni ndugu wa mbali wa mpira wa magongo tunaoujua. Uwanja ni barafu yenye urefu wa kama mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza kwa spidi ambayo ukipepesa macho umeshapitwa. Hakuna mpira. Kuna kisahani cheusi cha raba ngumu, ndicho kinachopigwa kwa fimbo kiingie golini. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila mchezo ukisimama.

Wachezaji hawa ni wanafunzi. Wanaingia darasani, wanafanya mitihani. Wengi wanaingia chuo wakiwa na miaka 19, 20 au hata 21, kwa sababu kabla ya hapo wanapitia ligi za vijana. Kwa hiyo wa mwaka wa nne ni watu wazima wa miaka 23, 24 hivi. Shikilieni hilo, nitalirudia.

KONFERENSI NI NINI?

Marekani ni kubwa, vyuo haviwezi kucheza vyote na vyote. Kwa hiyo vinajigawa kwenye makundi, kila kundi linaitwa konferensi na lina ligi yake. Kwenye hoki ya wanaume ya daraja la juu kuna konferensi sita: Hockey East, ECAC Hockey, Big Ten, NCHC, CCHA na Atlantic Hockey America. Juu yao wote yupo NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, ambacho kila mwaka kinaendesha mashindano ya kumpata bingwa wa taifa.

Hockey East ni ya majimbo ya kaskazini mashariki, kule Boston na jirani zake. Ilianza kucheza msimu wa 1984-85, baada ya vyuo kadhaa kujitoa ECAC. Kamishna wake wa kwanza alikuwa Lou Lamoriello wa chuo cha Providence, ambaye baadaye alikwenda kuongoza New Jersey Devils kwenye ligi ya kulipwa ya NHL. Kombe lenyewe limepewa jina lake. Na fainali ya kwanza kabisa, 1985, ilichukuliwa na Providence hao hao, wakiifunga Boston College 2-1 kwenye muda wa nyongeza wa pili.

Sasa hivi ina vyuo 11: Boston College, Boston University, Northeastern, Merrimack, UMass, UMass Lowell, Providence, UConn, New Hampshire, Vermont na Maine.

MTOANO UNAVYOKWENDA

Ligi inaanza Oktoba na kuisha mapema Machi. Ukishinda ndani ya dakika 60 unapata pointi tatu. Ukishinda kwenye nyongeza au penalti unapata mbili, na aliyefungwa anaambulia moja. Anayeongoza anatambuliwa kama bingwa wa ligi. Halafu pale ambapo ligi yetu ingekuwa imeisha na watu wameshapanda gari la wazi kuzunguka mji, wao ndiyo wanaanza upya.

Timu zote 11 zinaingia kwenye mtoano. Tano za juu zinapumzika. Ya 6 inacheza na ya 11, ya 7 na ya 10, ya 8 na ya 9, nyumbani kwa aliyemaliza juu. Robo fainali ni hivyo hivyo, na aliyebaki wa chini kabisa anapelekwa kwa namba moja. Zamani raundi hizi zilikuwa za mechi mbili tatu, mwenye ushindi mara mbili ndiye anapita. Siku hizi ni mechi moja tu. Ukiteleza, umekwenda na maji.

Timu nne zinazobaki zinakwenda TD Garden, Boston, uwanja wa Bruins wa hoki na Celtics wa kikapu, unaochukua watu zaidi ya 17,000. Mwaka 2025 nusu fainali zilikuwa Alhamisi tarehe 20 Machi, fainali Ijumaa tarehe 21.

Na hakuna penalti. Kwenye ligi, mkitoka sare mnacheza dakika tano watatu kwa watatu, ikishindikana penalti. Kwenye mtoano ni dakika 20 nyingine, watu kamili, wa kwanza kufunga mchezo umeisha. Wasipofunga, wanapumzika, wanaongeza 20 nyingine, na nyingine tena. Tarehe 6 Machi 2015 UMass na Notre Dame, ambao wakati huo walikuwa Hockey East, walikwenda mpaka nyongeza ya tano. Dakika 151 na sekunde 42! Ndiyo mechi ndefu kuliko zote katika historia ya hoki ya vyuo. UMass walishinda 4-3 watu wakiwa hoi, na kwa kuwa enzi hizo zilikuwa mechi mbili tatu, mwisho wa siku Notre Dame ndio waliopita. Dunia haina huruma.

HAPA NDIPO PENYEWE: MILANGO MIWILI

Mashindano ya taifa yanachukua timu 16 tu. Kuna milango miwili ya kuingilia.

Mlango wa kwanza: chukua kombe la mtoano la konferensi yako. Ukilichukua umeingia, hakuna cha kamati wala cha hesabu. Hata kama msimu mzima ulikuwa kichekesho, umeingia. Konferensi sita, tiketi sita.

Mlango wa pili: hesabu. Nafasi 10 zilizobaki zinatolewa kwa kuangalia umeshinda ngapi na uliowashinda ni wagumu kiasi gani. Mpaka msimu wa 2024-25 walitumia hesabu iitwayo PairWise. Kuanzia 2025-26 wakahamia nyingine inayoitwa NPI. Mambo ya kompyuta, lakini lengo ni lile lile, kupata timu zilizofanya vizuri mwaka mzima.

Kwa Mtanzania hii si ngumu. Kwetu bingwa wa Kombe la Shirikisho la TFF anapata nafasi ya kucheza Afrika hata kama kwenye ligi alisuasua. Lakini mkubwa ambaye nafasi ya Afrika ameshaipata kupitia ligi, lile kombe kwake ni la heshima. Kwa mdogo ni nauli ya ndege. Mechi moja, uwanja mmoja, dau tofauti.

Na hapo ndipo jibu la mdau wetu lilipo. Mtoano wa konferensi ni mechi zile zile kwa wote, lakini hauna uzito ule ule kwa kila aliye uwanjani.

ALHAMISI ILE YA TAREHE 20 MACHI

Tuangalie 2025, maana mwaka ule ulionyesha kila kitu.

Boston College ndio walioongoza ligi, tena walikuwa namba moja nchi nzima. Kwenye robo fainali, nyumbani kwao, wakaletewa Northeastern, timu iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Northeastern wakawafunga 3-1. Kimya uwanja mzima.

Je, BC walilia? Waliumia, lakini maisha yaliendelea. Kwa hesabu walishapita zamani, na siku timu 16 zilipotangazwa walikuwa bado namba moja.

Northeastern wao wakapanda kwenda TD Garden kucheza nusu fainali na Maine. Hesabu ziliwakataa kabisa, mlango wao ulikuwa mmoja tu. Wakishinda mechi mbili wamo kwenye 16 bora za nchi. Wakifungwa, msimu umeisha usiku ule ule.

Maine waliokuwa mbele yao walikuwa na milango yote miwili. Kwa hesabu walikuwa salama. Hata wangefungwa kumi, wiki inayofuata wangecheza.

Mechi ikaisha 3-3. Nyongeza ya kwanza, hakuna kitu. Nyongeza ya pili Maine wakafunga, 4-3. Kwa Maine lile bao lilikuwa hatua moja kuelekea kombe. Kwa Northeastern lilikuwa ndio mwisho wa kila kitu. Na wale wa mwaka wa nne hawakuwa na mwaka mwingine. Wachache wanaendelea na hoki ya kulipwa, wengi hawachezi tena mechi yenye maana maishani mwao. Kijana wa miaka 24 anavua viatu, kesho yake anaanza kutafuta kazi kama sisi wengine.

Nusu fainali nyingine UConn waliwafunga Boston University 5-2. Kesho yake Maine wakawafunga UConn 5-2, kombe likaenda kaskazini.

Sasa angalieni nani alikwenda taifa kutoka Hockey East mwaka ule. Timu sita: BC, Maine, Boston University, UConn, Providence na UMass. BC, Providence na UMass hata nusu fainali hawakufika, lakini walikwenda. Northeastern walifika nusu fainali, wakakaza mpaka nyongeza ya pili, wakarudi nyumbani. UConn waliofungwa fainali walikwenda taifa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Na Boston University waliopigwa 5-2 wakafika mpaka fainali ya taifa tarehe 12 Aprili kule St. Louis, wakafungwa 6-2 na Western Michigan.

Maine wenye kombe ndio wakapigwa 5-1 na Penn State kwenye mechi ya kwanza tu.

SASA MAINE WALILILIA NINI?

Kama tiketi walikuwa nayo tayari, kwa nini machozi? Hapa lazima urudi nyuma.

Chuo Kikuu cha Maine kipo Orono, mji mdogo, kama kilomita 390 kutoka Boston. Jimbo zima halina timu ya NHL, wala ya NBA, wala ya kandanda la Kimarekani la kulipwa. Timu yao kubwa ni hiyo ya chuo. Na iliwahi kuwa tishio. Mwaka 1993 walichukua ubingwa wa taifa wakiwa wamefungwa mechi moja tu msimu mzima, 42 wameshinda, mbili sare. Alikuwepo Paul Kariya, mwaka wa kwanza chuoni, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 1999 wakachukua taifa tena. Kombe la Hockey East walikuwa nalo la 1989, 1992, 1993, 2000 na 2004. Lile la 2004 waliwafunga UMass 2-1 kwenye nyongeza ya tatu.

Halafu giza. Kocha aliyeijenga ile timu, Shawn Walsh, alishafariki mwaka 2001 kwa saratani. Miaka ikaenda, matokeo yakashuka. Aprili 2021 kocha mwingine, Red Gendron, akafariki ghafla akiwa bado kazini. Akaletwa Ben Barr kutoka UMass, na msimu wake wa kwanza Maine walishinda mechi 7, wakafungwa 22, wakatoka sare 4. Mwaka 2024 ndipo wakarudi mashindano ya taifa, mara ya kwanza tangu 2012.

Kwa hiyo 2025 ilikuwa miaka 21 bila kombe lolote la maana. Mtoto aliyezaliwa 2004 alikuwa tayari mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Watu wa Maine walishuka Boston, mji ambao vyuo vyake vimezoea kuwafunga, wakaujaza uwanja na kuondoka na kombe mbele ya wenyeji. Mdau wangu, kilio kile hakikuwa cha tiketi. Mtu anaweza kulia kwa kitu ambacho hesabu haina pa kukiandika.

JE, NI HAKI?

Najua mtauliza. Timu icheze miezi mitano vizuri, halafu nyingine iliyosuasua ishinde mechi nne na kupewa nafasi? Nafasi ya nani?

Ndiyo, ni nafasi ya mtu. Nafasi ni 16 tu. Timu ambayo hesabu ilikuwa imeikataa ikichukua kombe la konferensi, kuna timu nyingine mahali fulani, ambayo haichezi hata siku hiyo, inaangalia kwenye TV na kuona nafasi yake ikiyeyuka.

Mfano mtamu ni Yale, 2013. Kwenye mtoano wa ECAC walifungwa 5-0 na Union kwenye nusu fainali, halafu 3-0 na Quinnipiac kugombea nafasi ya tatu. Mechi mbili, hawana bao hata moja. Ikabidi wakae wasubiri matokeo ya konferensi nyingine, ya CCHA, fainali ya Michigan na Notre Dame. Michigan walikuwa wamecheza taifa miaka 22 mfululizo, na mwaka ule walihitaji kombe ili waende. Wangelichukua, Yale wangebaki nyumbani. Notre Dame wakashinda. Yale wakaingia kwa kujibana mlangoni... na wakachukua ubingwa wa taifa, fainali wakiwafunga Quinnipiac wale wale 4-0!

Kwa hiyo anayesema mtoano ndio unaonyesha nani mbabe, Yale wanamkanusha. Lakini anayesema hesabu pekee zinatosha, amsikilize Holy Cross. Mwaka 2006 chuo hiki kidogo kiliingia taifa kwa sababu kilichukua kombe la konferensi yake ya Atlantic Hockey, kikakutana na Minnesota, jabali la hoki ya vyuo, kikawafunga 4-3 kwenye nyongeza. Mwaka 2010 RIT wa konferensi hiyo hiyo wakawatoa Denver na New Hampshire na kufika nusu fainali ya taifa. Bila mlango wa kwanza, timu kama hizi nani angeziita?

Msimamo wangu, na mnaruhusiwa kunipinga: mlango wa kwanza ubaki. Mkubwa analindwa na hesabu. Ana mechi nyingi za kurekebisha makosa, ana wapinzani wakubwa wa kumpandishia pointi, akiteleza siku moja bado yumo, kama BC walivyokuwemo. Mdogo hana hayo. Anacholindwa nacho ni mechi nne za mwezi Machi tu. Ukimwondolea na hizo, kuanzia Januari timu nusu zitakuwa zinacheza kumaliza ratiba.

Tena mfano upo ndani ya Hockey East hiyo hiyo. Msimu wa 2015-16 Northeastern walianza kwa kushinda mechi moja tu kati ya 14 za kwanza, wakafungwa 11, sare 2. Wangapi wangekata tamaa? Wao walijua Machi kuna mlango. Wakamaliza kwa kuwafunga UMass Lowell 3-2 kwenye fainali, kombe lao la kwanza tangu 1988.

Mambo yanabadilika lakini. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kuanzia Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kubwa za Kanada, ambao zamani walifungiwa, nao wanaruhusiwa. Vyenye pesa vitazidi kuwa vikubwa. Mimi naona ndiyo sababu zaidi ya kuuacha ule mlango wazi.

Kwa hiyo mdau wa Portland, ukirudi kazini mwakani Machi, usiulize tu nani ameshinda. Uliza kwanza nani ana milango mingapi. Ukishajua hilo, utajua macho uyaelekeze kwa nani nyongeza ikianza.

Naomba kuwasilisha. Wenye kujua zaidi, hasa mlioko Boston na Maine, tupieni maoni hapo chini. Na wewe unayeona bingwa wa ligi ndiye bingwa basi, mengine mbwembwe, karibu tubishane. Bila matusi lakini!